Mwaka mmoja na kikapu cha mikanda: uzoefu wangu wa sokoni Moshi

Nilikinunua Mbuyuni kwa elfu kumi na mbili, baada ya kutajiwa kumi na tano. Ni vile vikapu vinavyosukwa kwa mikanda ya plastiki, ile ya kufungia maboksi ya mizigo. Changu ni cha bluu na nyeupe. Mdogo wangu alinicheka siku hiyohiyo: "Dada, unakimbia plastiki kwa kununua plastiki?" Nikamwambia tukutane baada ya mwaka. Mwaka umefika.

Kwanza nilikotoka. Tangu rambo zipigwe marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, nilikuwa mtu wa mifuko mbadala, hii laini kama kitambaa. Wengi tunaamini ni kitambaa kweli, kumbe nayo ni plastiki, polipropilini, ila imetengenezwa ikafanana na nguo. Inayokubalika inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na iwe na jina la aliyeitengeneza. Niliyokuwa nauziwa mimi kwa shilingi mia tatu haikuwa na jina la mtu yeyote, na ukiinyanyua juani unaviona vidole vyako upande wa pili. Jumamosi moja ukanikatikia stendi. Parachichi zikabingirika hadi chini ya Noah iliyokuwa inapakia abiria, konda akabaki kuniitia watu waniokotee. Niliporudi nyumbani nikaamua kuhesabu nilivyokuwa nimeirundika nyuma ya mlango wa jikoni: ishirini na sita. Yaani niliitumia vilevile kama rambo, tofauti ni kwamba hii nilikuwa nailipia.

Sasa kikapu. Kwa vitu vikavu sina neno. Chane mbili za mshare, viazi, karoti, kabichi nzima, na juu bado naweka unga kilo mbili. Kitako chake ni kipana, kwa hiyo kwenye daladala kinasimama chenyewe katikati ya miguu. Kikichafuka nakipiga maji na sabuni ya unga, nakianika ukutani, kesho kimekauka. Kile cha ukindu alichonipa mama mkwe kilikuwa kizuri zaidi kwa macho, lakini masika moja tu ya hapa Moshi ilitosha kukiotesha ukungu.

Kasoro zipo. Ncha za mikanda upande wa ndani zimenichania sweta mbili. Mshikio mmoja uliachia mwezi wa nane, fundi viatu akaushona kwa buku na tangu hapo haujasumbua. Kubwa kuliko zote ni kwamba lazima ukumbuke kutoka nacho. Ukitoka kazini ghafla ukakutana na nyanya za bei ya kutupa, kikapu kipo nyumbani kimetulia. Siku hizo nanunua mfuko mbadala kama kila mtu.

Halafu kuna vitu vya majimaji, na hapa ndipo nilipokwama kabisa. Napenda perege wa Nyumba ya Mungu, na perege anachuruzika. Mama ninayenunua kwake ana vile vifuko vyeupe visivyo na mishikio, anavitoa chini ya meza bila kuangalia. Vifuko hivyo ni vya kufungashia bidhaa, na mwaka 2021 Serikali ilikataza visitumike kubebea. Wote tunajua. Tunajua pia kwamba ukikutwa unatumia mfuko uliokatazwa, faini yake inaanzia 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Siku moja nikamwambia asinifungie humo. Akanitazama, kisu mkononi, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko.

"Sasa mama, nikufungie kwenye gazeti?"

Tukajaribu khaki, nikalipia mia mbili. Sikuvuka hata barabara, chini pameshalowa pote na mkia wa perege umechungulia nje. Nikarudi kwake, akacheka, akanipa kifuko. Simlaumu. Aliyeandika kanuni hakuwa na samaki mkononi.

Dawa niliyoipata ni ndoo ndogo ya lita nne, iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ina mfuniko. Inaingia vizuri kwenye kona ya kikapu. Wiki za mwanzo niliona aibu, nilifanana na mtu anayekwenda msibani kusaidia kupika. Sasa yule mama akiniona anainyooshea mkono kabla sijasalimia, na nyama nayo inaingia humohumo. Kwa Mangi wa mtaani kwetu nakwenda na kopo la sukari. Alinuna kidogo kwa sababu ya kupima kopo tupu kwanza, akazoea. Ndoo nikiisahau, ambayo hutokea kama mara moja kwa mwezi, nachukua kifuko cheupe na kukificha chini ya kabichi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeiondoa kwa ajili ya sweta zangu.

Ukienda kununua, usiangalie rangi. Ingiza mkono ndani upapase ncha, kisha shika mishikio yote miwili uivute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akikukatalia kuvuta, hamia kwa jirani yake.