Zapier, Make au n8n: nilivyozipima kwa safari moja ya lori

Ofisi yetu iko Malaba, upande wa Uganda, jirani kabisa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Tuna malori 11. Yanapakia Mombasa, mengine Naivasha, yanashusha Kampala na Gulu, na mara mojamoja Elegu. Mimi ndiye mshika makaratasi: mzigo ukishushwa, ankara itoke, mteja ajulishwe, Hajji, bosi wetu, aone hesabu, na malipo yakiingia deni lifutwe. Mwaka jana yote hayo yalipita mikononi mwangu kwa kunakili. Dereva anatuma picha ya karatasi ya makabidhiano kwenye WhatsApp, naandika namba kwenye jedwali, nazitoa kwenye jedwali naziandika tena kwenye programu ya uhasibu, halafu nampigia mteja. Safari kama 130 kwa mwezi. Ankara moja ya Gulu ilikaa siku tisa bila kutumwa kwa sababu picha ya dereva ilizama chini ya salamu za Idi. Ilikuwa pesa ya dizeli ya wiki nzima.

Hajji hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, hakuna mashine ya kufanya hii?" Mashine zipo, na ni nyingi mno. Ni programu za mtandaoni zinazounganisha programu nyingine: moja ikipokea taarifa, zinaibeba hadi ya pili na ya tatu bila mtu kugusa. Nimetumia tatu kwa miezi minane, kwa kazi halisi na pesa halisi, kwa hiyo naandikia wenye biashara za ukubwa wetu.

Kabla ya kulipa popote nilichukua karatasi nikaandika safari moja inavyokwenda. Dereva anajaza fomu fupi kwenye simu akishashusha mzigo. Hicho ndicho kianzio. Baada ya hapo kuna hatua tano: mstari mpya kwenye Google Sheets, ankara kwenye QuickBooks (programu yetu ya uhasibu), barua pepe ya ankara kwa mteja, SMS kwa mteja kupitia Africa's Talking (huduma ya kutuma SMS), na ujumbe wa Telegram kwa Hajji. Karatasi hiyo bado nimeibandika ukutani, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kwamba bei iliyoandikwa kwenye tovuti haina maana mpaka ujue wanahesabu nini.

Zapier wanahesabu kila hatua iliyofanikiwa. Kianzio hakihesabiwi. Safari yetu moja basi ni kazi tano, na safari 130 ni kazi 650. Mpango wa bure una kazi 100 kwa mwezi na unaruhusu kianzio na hatua moja tu, kwa hiyo kwetu ulikuwa wa kujifunzia. Mpango wa kulipia niliouchukua ulianzia dola 19.99 kwa mwezi kwa anayelipa mwaka mzima, kazi 750. Kwa shilingi 3,700 za Uganda kwa dola, hiyo ni karibu 74,000 kila mwezi. Tukatosha, lakini kwa kubana. Desemba, mizigo ya sikukuu ikaja, safari zikafika 180, na 180 mara tano ni 900. Ikabidi kupanda mpango.

Nasema kwa moyo mweupe kwamba sijaona programu rahisi kuliko Zapier. Nilianza saa tatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri ankara ya kwanza ilikuwa imetoka yenyewe. Ina orodha ndefu sana ya programu inazozijua, na vile vihatua vya kusafisha taarifa havihesabiwi kama kazi. Hilo lilinisaidia kwenye namba za simu. Google Sheets ikiona namba inayoanza na 0772 inadhani ni hesabu, inafuta sifuri ya mbele. Mtuma SMS naye anataka ianze na +256. Zapier ina kifaa cha kupanga maandishi, nikaambatisha +256 mbele, tatizo likaisha bila gharama.

Make wanahesabu kila moduli, yaani kila hatua, inayofanya kazi, na kianzio kimo. Zamani waliita operesheni. Tangu 2025 wanaita krediti, na kwa hatua za kawaida moja ni moja. Safari yetu ikawa sita. Sita ni zaidi ya tano, lakini mpango wa bure unatoa 1,000 kwa mwezi, na wa kulipia wa chini kabisa unatoa 10,000 kwa takriban nusu ya nilichokuwa nalipa Zapier. Hapo nilidhani nimefika.

Nilichokuwa sijaelewa ni hiki. Ukiiweka Make iende kuchungulia kila baada ya dakika 15 kama kuna fomu mpya, kila kuchungulia kunahesabiwa, hata kama hakuna kitu. Saa 24 ni mara 96. Mwezi mzima ni 2,880. Akiba yako ya bure ya 1,000 inaisha siku ya kumi na moja, hata kama hakuna lori lililotoka Mombasa. Dawa yake ni webhuku, yaani fomu yenyewe ipige hodi ikishajazwa badala ya Make kwenda kuchungulia. Nilipobadilisha hivyo, hesabu ikarudi kuwa sita tu kwa safari.

Halafu nikafanya kosa la pili, kubwa zaidi. Nilitaka malipo ya simu yakiingia, mfumo utafute ankara ya mteja huyo kwenye jedwali na kufuta deni lake. Nikaweka moduli ya kutafuta mistari, nikasahau kuandika sharti la namba ya ankara. Ikarudisha mistari yote ya mwezi, 130, na kila moduli iliyofuata ikakimbia mara 130. Zilikuwa moduli nne. Kwa malipo ya mtu mmoja tu nilikula zaidi ya 500, na ujumbe wa "asante kwa malipo" ukawafikia wateja ambao hawajalipa shilingi. Asubuhi nzima nilipiga simu kuomba radhi, mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hiyo mtiririko wowote mpya naujaribu kwa namba yangu mwenyewe kwa siku tatu kabla haujamgusa mteja.

Hata hivyo Make naipenda. Unaona kazi yako yote kama mchoro, duara limeungana na duara, na ukibonyeza duara unaona kilichoingia na kilichotoka. Anayetafuta mafunzo yake kwenye video za zamani atafute pia jina la Integromat, maana ndivyo ilivyoitwa ilipoanza kule Prague, kabla ya kubadilishwa jina 2022.

Na n8n? Hii ilianzia Berlin 2019, nayo inahesabu tofauti kabisa. Kwenye huduma yao ya wingu wanahesabu mzunguko mzima kuwa mmoja, uwe na hatua tano au hamsini. Safari 130 ni 130. Na ukitaka, unaiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayowaka muda wote, na hulipi kitu kwa n8n yenyewe. Leseni yao inaruhusu kuitumia kwa shughuli za ndani za biashara yako, ila si kuiuza kama huduma kwa wengine. Kijana mmoja anayetutengenezea kompyuta alinisaidia kuiweka kwa Docker, chombo cha kuweka programu kwenye seva ikiwa na kila inachohitaji.

Mwanzo tuliiweka kwenye laptopu ya zamani hapa ofisini. Umeme ulipokatika alasiri moja, taarifa za malipo ya MTN MoMo (pesa za simu) zilizotumwa wakati huo hazikupata mtu wa kuzipokea. Haikuwa busara kuweka mlango wa malipo juu ya laptopu yenye betri iliyochoka. Tukakodi seva ndogo nje, kama dola 6 kwa mwezi, shilingi 22,000 na kidogo, na nikaongeza mzunguko unaouliza MoMo kila baada ya dakika kumi hali ya malipo yasiyojibiwa. Kwa Make uchunguliaji huo ungenimaliza. Kwa n8n ya kwetu ni bure.

Yapo mengine matatu ambayo anayefuata njia hii ayaweke akilini. Saa: n8n ukiiweka mwenyewe hufuata saa za New York mpaka uiambie vingine. Taarifa niliyotaka Hajji aipate saa moja asubuhi ilimfikia saa nane mchana, akaniuliza kama siku hizi nachelewa kuamka. Niliandika Africa/Kampala kwenye mipangilio ikakaa sawa. Ufunguo: nywila zote za programu ulizounganisha zinafungwa kwa ufunguo mmoja wa siri. Ukihama seva bila kuubeba, hifadhi yako yote haifunguki na utaunganisha upya kimoja kimoja. Wa kwetu nimeuandika kwenye daftari lililo ndani ya sefu ya Hajji. Na sarafu: kwenye mazingira ya majaribio ya MoMo ni yuro. Nilipoteza jioni nzima nikiandika UGX, yaani shilingi ya Uganda, na kukataliwa.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba namba za simu na TIN (namba za mlipakodi) za wateja zinakaa kwenye mashine tunayoishika sisi. Tangu sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, mwenye kukusanya taarifa za watu ana wajibu nazo, na mimi nataka kuweza kumwambia mteja taarifa zake ziko wapi na nani anaziona.

EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), sikuiunganisha. Kwenye orodha za viunganishi vya programu hizi tatu sikuikuta, na kuijenga kwa API ya URA, yaani mlango ambao programu hutumia kuzungumza na mfumo wao, ni kazi ya mtaalamu. Ankara za mizigo ya ndani zenye VAT ya asilimia 18 mhasibu wetu bado anaziingiza mwenyewe kila jioni, akiangalia orodha ambayo n8n imeshampangia. Mwenye kukuambia programu fulani ya nje itakumalizia EFRIS kwa kubonyeza mara mbili, mwambie akuonyeshe FDN, namba ambayo EFRIS huipa kila ankara, ikitoka mbele ya macho yako.

Power Automate, programu ya Microsoft ya kazi hiihii, niliigusa tu. Ofisi yenye Microsoft 365 tayari ianze nayo, kwa kuwa viunganishi vya kawaida vimo, ila kile cha kupiga API yoyote kinataka leseni ya ziada. Sisi tuko kwenye Google. MuleSoft na Workato, nazo za kuunganisha programu, ni za kampuni kubwa kama benki na kampuni za simu, zenye idara nzima ya kuzitunza.

Sasa hivi n8n ndiyo inabeba safari na malipo. Zapier tumeiacha. Make ya bure bado tunayo kwa kazi moja: kumkumbusha kila dereva tarehe ya bima na leseni yake. Dada yangu mwenye duka la vipuri Jinja, asiye na mtu wa kumshikia seva, nilimwekea Make yenye webhuku na anaiendesha peke yake. Rafiki yangu mwenye shule ndogo ya chekechea, wazazi 40, nilimwambia alipie Zapier asisumbuke.

Kilichobaki kwetu ni risiti za dizeli. Madereva wanazipiga picha gizani, wino umefifia, na hakuna programu kati ya hizi iliyoweza kuzisoma kwa uhakika. Hizo bado naziandika kwa mkono.