Zana za Firefox za kutafuta chanzo cha kujifunga ghafla: tathmini kutoka saiba ya Kondele

Muda wa Windows 10 ulimalizika rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na sisi tunaoendesha saiba mjini Kisumu tulilazimika kuchagua kati ya kubaki na mfumo ambao haupokei tena marekebisho yake ya kawaida na kuzipandisha kompyuta zetu hadi Windows 11. Katika saiba ninayoisimamia hapa Kondele tulizipandisha zile zilizokubali, na baada ya hapo kivinjari kikaanza kujifunga chenyewe, bila onyo, kwenye kadhaa kati yazo. Kivinjari tunachotumia ni Firefox. Tathmini hii haihusu kasi yake wala sura yake, mambo ambayo yamekwisha kuandikwa vya kutosha. Inahusu zana zilizomo ndani yake za kutafuta chanzo cha kujifunga huko. Zana hizo ni za bure, hazihitaji fundi, na kwa maoni yangu ni bora kuliko watu wengi wanavyodhani, ingawa zimepangwa kwa namna inayomsukuma mtumiaji aanze na ile ambayo ingepaswa kuwa ya mwisho.

Kwa mtu anayetumia kompyuta nyumbani kwake, kivinjari kinachojifunga ni kero ya dakika chache. Kwenye saiba ni mteja aliyepotea. Kazi zetu nyingi ni fomu ndefu: ritani za kodi kwenye iTax, ambazo mwisho wake kwa mtu binafsi ni tarehe 30 Juni, maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HELB, maombi ya kozi za vyuo kupitia KUCCPS na huduma za serikali kwenye eCitizen. Dirisha likitoweka katikati ya fomu, mara nyingi kilichokuwa hakijahifadhiwa hakirudi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza kwa upole, "Sasa, kijana wangu, yale yote tuliyoandika yako wapi?" nami sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia, "Pole sana, mwalimu, tuanze upya pale kwenye ile kompyuta ya pembeni."

Jambo la kwanza ambalo Firefox hulifanya vizuri ni kutenganisha ajali ndogo na ajali kubwa. Kwa miaka kadhaa sasa kurasa za wavuti zimekuwa zikiendeshwa katika michakato iliyotengwa na ule mkuu unaolishika dirisha lenyewe, kwa hiyo ukurasa mmoja ukiharibika, kichupo chake hugeuka kuwa ujumbe wa kuomba radhi wenye kitufe cha kukirejesha, na vichupo vingine huendelea na kazi. Dirisha zima likitoweka na kisanduku cha kutuma ripoti kikajitokeza, tatizo limeufikia mchakato mkuu, na hapo tovuti huacha kuwa mshukiwa wa kwanza. Washukiwa wapya ni kiendeshi cha kadi ya michoro (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo), kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kilichopitwa na wakati, uhaba wa kumbukumbu (RAM), au programu nyingine iliyojipenyeza ndani ya kivinjari. Ni tofauti rahisi kuiona, na inaokoa muda mwingi, hasa kwa mhudumu ambaye mteja amekwisha kumwambia kwamba "eCitizen imeharibika."

Ajali kubwa inapotokea, andika about:crashes mahali pa anwani ya tovuti. Utaona orodha ya ripoti zilizotumwa na ambazo hazijatumwa, kila moja na tarehe yake. Ukiibonyeza iliyotumwa, itafunguka kwenye tovuti ya Mozilla ikiwa na maelezo mengi ambayo kwa mara ya kwanza yanatisha, lakini hayahitaji kusomwa yote. Mimi hutazama kwanza ile inayoitwa sahihi ya ajali, yaani mstari unaotaja sehemu ya msimbo ambapo programu ilikwama. Ikianza na herufi OOM, kumbukumbu ilikwisha. Ikitaja faili ambalo jina lake linaanza na ig kwenye kompyuta yenye michoro ya Intel, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiendeshi cha michoro kinahusika. Kisha hutazama muda ambao kivinjari kilikuwa kimefanya kazi kabla ya kujifunga, kwa sababu ajali inayotokea sekunde chache baada ya kukifungua mara chache huwa na chanzo kimoja na ile inayokuja baada ya saa nyingi za vichupo vingi. Nilipozilinganisha ripoti za kompyuta zetu, niliona wazi kwamba tulichokuwa tukikiita tatizo moja lilikuwa matatizo matatu yaliyofuatana na upandishaji ule.

Ukurasa ulioniridhisha kuliko yote ni about:third-party, ambao upo kwa watumiaji wa Windows pekee. Huorodhesha moduli, yaani vipande vya programu, ambazo hazikuja na Firefox wala si sehemu ya Windows, lakini zimeingia ndani ya Firefox na kuendeshwa pamoja nayo. Msomaji asiyejua jambo hili huenda akashangaa kwamba linawezekana, ila ni la kawaida sana: programu za kuzuia virusi, za kuhifadhi faili mtandaoni na za kubadilisha lugha ya kibodi hufanya hivyo kila siku, nyingine kwa sababu nzuri. Shida huzuka mfumo unapopandishwa huku programu ile ikibaki na toleo lake la zamani, ikiendelea kugusa sehemu za kumbukumbu kana kwamba hakuna kilichohama. Inayokufa basi ni Firefox, na inayolaumiwa ni Firefox.

Kwetu mhusika alikuwa programu ya kuzuia virusi, ambayo sitaitaja, iliyokuwa imesahauliwa kwenye kompyuta hizo leseni yake ikiwa imekwisha zamani. Ukurasa uliweka alama ya tahadhari kando ya moduli yake, alama inayoeleza kwamba Firefox iliwahi kujifunga ikiwa ndani ya msimbo wa moduli hiyo. Tangu toleo la 110, lililotoka Februari 2023, mtumiaji anaweza kuizuia moduli kutoka hapo hapo na kukianzisha kivinjari upya. Tulifanya hivyo, na kompyuta zile zikatulia. Baadaye tuliiondoa programu yenyewe na kubaki na ulinzi unaokuja na Windows, kwa sababu kuizuia ndani ya Firefox hakuizuii kuingia kwenye programu nyingine. Anayetegemea programu ya aina hiyo na kuilipia ajaribu kwanza kuweka toleo lake jipya, maana kuizuia moduli yake kunaweza kupunguza ulinzi anaoulipia. Sijui kivinjari kingine kinachomwonyesha mtu wa kawaida jambo hili kwa uwazi kama huu. Chrome ina ukurasa wa chrome://conflicts, ambao naona umeandikwa kwa ajili ya wahandisi.

Kompyuta ambazo ripoti zake zilianza na OOM zilikuwa na kisa kingine. Windows 11 hudai angalau GB 4 za RAM na diski ya GB 64, na mashine nyingi za mtumba tunazozinunua huzidi kiwango hicho kidogo tu. Baada ya kupandishwa, mfumo wa zamani huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, ambayo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10, lakini kwa muda huo huchukua gigabaiti nyingi. Diski ndogo ikijaa, lile faili ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM haliwezi kukua tena. Programu inayoomba kumbukumbu hunyimwa, na kwa kuwa kivinjari ndicho mwombaji mkubwa kwenye kompyuta ya saiba, ndicho kinachotangulia kufa. Dawa ilikuwa kuifuta folda ile kwa kutumia sehemu ya mipangilio ya hifadhi, tukiwa tumekwisha kuamua kwamba haturudi Windows 10. Firefox ilijitahidi kwa upande wake: tangu toleo la 93 la Oktoba 2021 huviondoa kwenye kumbukumbu vichupo visivyotumika pindi RAM inapokaribia kwisha. Lawama yangu ni kwamba ripoti inajua kumbukumbu imekwisha na inamwonyesha mhandisi takwimu zake, ilhali mtu aliyeketi mbele ya skrini anaombwa radhi tu. Sentensi moja ya kumwambia aangalie nafasi iliyobaki kwenye diski ingewaokoa watu wengi.

Hali ya utatuzi, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa hali salama, hufunguliwa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kukianzisha kivinjari, na ndiyo njia ya kuingilia pale ambapo kivinjari hakikai wazi hata kwa muda wa kuandika anwani. Huzima kwa muda viendelezi, mandhari na uharakishaji wa kadi ya michoro, yaani kuitumia kadi hiyo kuchora kurasa kwa haraka. Ni zana ya kufaa, lakini huzima mambo mengi kwa mpigo, kwa hiyo kivinjari kikitulia, bado hujui ni lipi kati ya hayo lililokuwa likikiangusha. Hapo nashauri uache hali hiyo, uende kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya utendaji, na uuzime uharakishaji peke yake. Tatizo likiisha, kosa liko kwenye kiendeshi cha michoro, na kinachotakiwa ni kupata toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Lisipoisha, zima viendelezi nusu kwa nusu hadi mhusika apatikane.

Nimefika kwenye kitufe nisichokipenda, ingawa hakuna ubaya katika kazi yenyewe kinayoifanya. Ukifungua about:support, ukurasa wenye taarifa zote za kivinjari, kitu kinachoonekana juu kabisa ni kitufe cha kukiburudisha kivinjari. Kitufe hicho hutunza alamisho, historia, nywila na vidakuzi, lakini huondoa viendelezi, ruhusa ulizozipa tovuti, vyeti vya usalama ulivyoviongeza na mipangilio yote uliyoibadilisha. Mara nyingi tatizo hutoweka. Ushahidi nao hutoweka, nawe hubaki hujui kama kilichokuwa kikikuangusha ni kiendelezi fulani, ambacho utakiweka tena kesho, au mpangilio mmoja ambao ungeweza kuurekebisha kwa dakika moja. Tena hakiwezi kusaidia kitu kwa moduli ya nje au kwa diski iliyojaa, kwa kuwa hivyo haviko ndani ya wasifu wa Firefox, yaani folda inayohifadhi data na mipangilio ya mtumiaji.

Kwa saiba kuna hatari nyingine, nami nashangaa kwamba haitajwi kwa sauti zaidi. Kitufe hicho kikimaliza kazi huacha folda ya data za zamani za Firefox kwenye skrini ya mwanzo, mahali ambapo mteja yeyote anayeketi anaiona. Ndani yake mna wasifu wa zamani mzima, na kama kulikuwa na nywila zilizohifadhiwa bila nywila kuu ya kuzilinda, anayeinakili folda ile kwenye flashi ameondoka nazo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na saiba inayoshika namba za vitambulisho na za PIN za kodi za watu haiwezi kujifanya kwamba sheria hiyo haiihusu. Folda hiyo ihamishwe au ifutwe kabla ya mteja mwingine kuketi. Vivyo hivyo, kisanduku cha kutuma ripoti ya ajali kina sehemu ya kukubali kutuma anwani ya ukurasa uliokuwa wazi. Kwenye kompyuta za wateja sehemu hiyo iachwe bila alama.

Niseme pia kuhusu gharama, kwa kuwa wengi wataona ni rahisi zaidi kumwita fundi. Mafundi wengi wa mitaani wakikutana na tatizo hili huiondoa Firefox na kuiweka upya, nawe unalipia kazi hiyo. Kwa kawaida haisaidii, maana kuiondoa programu hakufuti folda ya wasifu wake, na Firefox mpya huikuta folda ile ile na kuanza nayo. Ukishuku wasifu, andika about:profiles, tengeneza mwingine, kisha uutumie kwa siku kadhaa huku wa zamani ukibaki salama palepale.

Kwa sasa tumeamua kutumia toleo la Firefox liitwalo ESR kwenye kompyuta za wateja. Hupokea vipengele vipya takribani mara moja kwa mwaka, huku marekebisho ya usalama yakija kwa ratiba ile ile ya toleo la kawaida, jambo linalotupunguzia mabadiliko ya kushtukiza katika wiki za mwisho za Juni. Anayetaka kufanya hivyo ajue kwamba wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi hukataliwa na toleo la zamani. Atalazimika kuanza na mwingine na kuhamisha alamisho zake kwa faili. Sisi hatukuwa na cha kuhamisha, kwa hiyo kila kompyuta ilianza na wasifu mtupu, usiohifadhi nywila wala historia, na ukiwa na kiendelezi kimoja tu cha kuzuia matangazo.