Mahindi ya Msaada au Fedha Mkononi?

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kwa hiyo sisi wa Mombasa, ambao soko letu la Kongowea halikosi nafaka, tuna wajibu wa kuuliza jinsi haki hiyo inavyowafikia wakulima wa Ganze na Kinango, sehemu kame za Pwani yetu, ghala zao zinapokuwa tupu kabla ya mavuno ya masika.

Mahindi ya msaada yana faida moja kubwa: bei ikipanda, kibaba hakipungui. Lakini kuyasafirisha ni ghali, na yakichelewa hadi karibu na mavuno huweza kushusha bei ya mazao ya mkulima yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Fedha zinazotumwa kwa simu hufika upesi, na mama wa familia huamua mwenyewe kama atanunua unga, maharagwe au mbegu, uamuzi ambao kwa maoni yangu ni sehemu ya haki yenyewe. Hata hivyo, duka la kijiji likiwa tupu, noti hazipikiki. Ningechagua fedha, isipokuwa pale barabara zinapokatika au ukame unapomaliza bidhaa sokoni.