Kinasa cha injini kilichopoteza dakika niliyoihitaji

Duka moja la hapa Tanga lilinifungia kinasa data kwenye injini ya dizeli ya boti yangu, likiniahidi kwamba joto la maji ya kupoza, mgandamizo wa oili na mizunguko ya injini vyote vingehifadhiwa. Msimu wa kusi uliopita, tukirudi Sahare, injini ilichemsha. Mvuke ulifumuka, bomba la mpira likanuka kuungua, na nahodha akazungusha ufunguo kuizima. Nilipofungua pampu ya maji nilikuta mapezi ya impela, kile kigurudumu kinachosukuma maji, yamekatika, lakini yalianza kukatika lini, na oili ilikuwa na hali gani wakati huo?

Kinasa kilipaswa kujibu. Kiliposomwa kilionyesha nyuzi 84, kisha 85, kisha hakuna kitu. Kumbe hukusanya vipimo na kuandika wastani wake kila baada ya dakika tano, na umeme ukikatika kabla hazijatimia, kila kilichokusanywa hupotea.

Mwaka 1939, katika kituo cha majaribio ya ndege cha Marignane, Ufaransa, François Hussenot alitengeneza kinasa kilichochora vipimo kwa mwanga juu ya filamu iliyosogea mfululizo. Wanaojaribu ndege za kivita huhitaji mstari wa namna hiyo usiokatika, kwa kuwa injini ya jeti inapowashwa joto la gesi zake linaweza kuvuka kikomo ndani ya sekunde chache, na rubani hawezi kufuatilia geji zote kwa pamoja. Wastani wa dakika tano ungeficha tukio lote.

Nilipomweleza hayo kijana wa kaunta, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: “Mzee, hizi namba si za wavuvi.” Nilikuwa nikifungua injini kabla yeye hajazaliwa!

Kwa haki, kihisi cha joto cha kinasa hicho hakikupishana na kipimajoto changu, na nilikusudia kuandika kwamba kifaa hiki kinamfaa mwenye jenereta ya nyumbani. Hapana, nalifuta hilo, maana jenereta nayo ikikosa maji haisubiri dakika tano. Asikinunue mtu yeyote. Nataka nirudishiwe fedha zangu, au programu ibadilishwe iandike kila sekunde, na kijana yule aniombe radhi.