Kiolezo cha mkataba wa kumsaidia mwajiri wa zamani: kizuri, ila kirekebishe

Kiolezo hiki cha kurasa 2 kinamfaa aliyeacha kazi lakini bado anapigiwa simu za "tusaidie kidogo". Kinaweka mpaka wazi: swali la dakika 5, kama faili liko wapi, ni bure, lakini kusahihisha hesabu au kumfundisha aliyechukua nafasi yako kunalipiwa, angalau malipo ya saa moja ya kazi. Hapo kimepatia kabisa. Kasoro kubwa ni kifungu kinachoruhusu kuingia kwenye mfumo kwa nywila yako ya zamani. Kifute! Data ikipotea, lawama zinaweza kukuangukia wewe. Dai akaunti mpya yenye tarehe ya kufungwa. Ongeza pia malipo ya nusu kabla ya kuanza, na maombi yote yaje kwa barua pepe.