Hospisi Ipimwe Saa Nane ya Usiku

Jengo safi na bustani yenye kivuli havimwondolei mgonjwa maumivu. Anayemtafutia mzazi, mwenzi au mtoto wake hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia mwisho wa maisha, aanze na swali hili: mgonjwa akizidiwa saa nane ya usiku, siku ya mapumziko, nani anapokea simu, anamjua mgonjwa huyo kwa kiasi gani, na dawa inamfikia baada ya muda gani? Usiku ndipo upungufu wote wa mchana huonekana: faili ambalo halikuandikwa, dawa ambayo haikuagizwa, ndugu ambaye hakufundishwa.

Kwa hiyo pigeni simu usiku kabla hamjasaini chochote. Semeni wazi kwamba hamna dharura, mnaulizia huduma. Akipokea mlinzi na kusema mrudi kesho, jibu mmelipata. Akipokea karani wa kuchukua ujumbe, ulizeni muuguzi wa zamu hupiga baada ya dakika ngapi. Nusu saa inavumilika. Saa mbili hazivumiliki kwa mtu anayehema kwa shida. Aliye bora ni muuguzi mwenye faili mbele yake, anayeweza kupandisha dozi kwa maelekezo ambayo daktari ameshayaandika. Ulizeni pia kama usiku mtu anaweza kufika nyumbani, na kwa usafiri wa nani. Matangazo mengi ya “saa 24” yanamaanisha simu tu. Simu peke yake inaweza kutosha, ila kwa sharti moja: dawa ziwe tayari ndani ya nyumba.

Hapo ndipo pa kutazama sanduku la dharura. Hospisi inayohudumia wagonjwa majumbani inapaswa kuliacha kwa familia mapema, si siku hali inapoharibika. Lifunguliwe, likaguliwe. Kwa mtu mzima anayekaribia mwisho tunategemea kukuta mofini ya maumivu na ya kuhema kwa shida, midazolamu ya degedege au fadhaa kali, haloperidoli ya kichefuchefu na kuweweseka, na hayosini ya makohozi yanayokoroma kooni. Pawe na bomba la kupimia dawa ya maji, sindano ndogo za chini ya ngozi na glavu, pamoja na karatasi ya daktari inayotaja dalili, dawa, kiasi, na muda wa kusubiri kabla ya kurudia. Mgonjwa mwenye uvimbe ulio karibu na mshipa mkubwa wa damu, mathalani saratani ya shingo, huwekewa pia taulo za rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea. Damu nyingi juu ya shuka jeupe humtisha mgonjwa na wote waliomzunguka. Juu ya taulo la rangi nzito hofu hupungua. Muuguzi anayeziweka taulo hizo karibu na kitanda na kueleza sababu yake kwa upole anaijua kazi yake.

Mofini ndiyo mtihani

Mwulizeni muuguzi atakayewajia jinsi anavyoanzisha mofini ya maji, kisha msikilizeni. Jibu zuri linataja saa. Mofini ya kawaida ya kunywa hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne bila kungoja mgonjwa alie. Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha hivyo tangu mwongozo wake wa maumivu ya saratani wa mwaka 1986: dawa itolewe kwa mdomo, na itolewe kwa saa. Dozi ya kulala inaweza kuwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe katikati ya usiku. Juu ya ratiba hiyo kuna dozi ya ziada, ya kutuliza maumivu yanayochomoza kabla ya saa yake, na kila dozi ya ziada huandikwa daftarini.

Daftari hilo ndilo linaloongoza dawa. Mgonjwa anayepewa miligramu 5 kila saa nne hupata 30 kwa siku. Akihitaji dozi tatu za ziada za miligramu 5, jumla inakuwa 45. Igawanywe kwa sita, dozi mpya ya kila saa nne ni miligramu 7.5, na dozi ya ziada nayo hupanda. Hesabu yenyewe ni ya dakika moja, lakini inahitaji mtu aliyesoma daftari la jana. Hospisi inayomwacha mgonjwa kwenye dozi ile ile wiki nzima huku ukurasa umejaa dozi za ziada haimhudumii, hata kama wauguzi wake wana huruma kiasi gani.

Chupa nayo isomwe. Mofini ya maji hutengenezwa kwa ukali mbalimbali: kuna ya miligramu 1 kwa kila mililita, na kuna ya miligramu 10 kwa kila mililita. Ndugu aliyezoea kumpa mgonjwa mililita 5 za ile nyepesi, akaletewa kali bila kuambiwa, akapima mililita 5 zile zile, amempa mara kumi ya dozi. Ndiyo maana agizo la “kijiko kimoja” halikubaliki. Kila agizo litaje miligramu na mililita, liandikwe juu ya chupa, na muuguzi amtake anayemuuguza mgonjwa apime dozi ya kwanza mbele yake. Baadhi ya watengenezaji huitia dawa rangi tofauti kulingana na ukali wake, jambo zuri, lakini rangi haichukui nafasi ya lebo.

Mofini ikiandikwa bila dawa ya choo, huo ni uzembe. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo hupungua kwa siku chache mwili ukizoea. Choo kigumu mwili hauzoei. Mgonjwa aliyefunga choo kwa siku kadhaa hukataa chakula, hutapika, hutapatapa, pengine huchanganyikiwa, na ndugu hudhani ugonjwa ndio umepamba moto. Waulizeni wanafanya nini ikifika siku ya tatu bila choo. Asiye na jibu la haraka hana utaratibu.

Wakati mwingine dawa huzidi. Misuli inashtukashtuka, mgonjwa anaona vitu visivyokuwepo, anazama kwenye usingizi usio wa kawaida. Mara nyingi figo zimechoka na mabaki ya mofini hayatoki mwilini. Timu inayojua kazi hupunguza dozi, hurefusha muda kati ya dozi na dozi, au hubadilisha dawa; isiyojua huikatisha ghafla, maumivu yakarudi kwa kishindo. Na anayewaambia kwamba mofini iliyopimwa vizuri inaharakisha kifo, au anayewatisha kwa uraibu mbele ya mtu mwenye saratani iliyosambaa, msimkabidhi mgonjwa wenu.

Faili lao lionwe

Ombeni fomu tupu wanayoitumia kila ziara. Maumivu yawe na namba, kwa kawaida kutoka 0 hadi 10, yapimwe kabla ya dawa na baada yake. Kuandika “anaendelea vizuri” si kupima. Kwa mtoto mdogo, au mzee aliyepoteza kumbukumbu na usemi, namba haziulizwi kwa mdomo: husomwa usoni, kwenye miguu inayojikunja, kwenye kilio, na kama anabembelezeka. Barani Afrika kuna kipimo cha APCA, chama cha Afrika cha huduma za kutuliza wagonjwa, chenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya familia, kila moja likijibiwa kwa 0 hadi 5. Uzuri wake ni kwamba kinauliza pia kuhusu wasiwasi, amani ya moyo, na kama familia imepewa maelezo ya kutosha. Chombo chochote kilichothibitishwa kinafaa, mradi majibu yabadilishe matibabu siku inayofuata.

Ziara ziangaliwe zinavyoongezeka hali inapodhoofika. Nchini Marekani moja ya vipimo vya ubora wa hospisi ni kama muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii alimtembelea mgonjwa ana kwa ana angalau siku mbili kati ya tatu za mwisho. Swali hilo linafaa kuulizwa popote. Wapo wanaokuja kila Jumanne bila kukosa, na Jumanne hiyo hiyo wanamkuta marehemu.

Mwili wa mgonjwa hausemi uongo

Kama hospisi ina vitanda, ombeni kutembelea wodi, kisha tazameni visigino na midomo kabla ya mapazia. Visigino viwe vimeinuliwa kwa mto chini ya mashavu ya miguu, bila kugusa godoro. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili. Godoro maalumu linaweza kurefusha muda huo, lakini haliondoi kazi ya kugeuza. Ngozi ikaguliwe kiunoni, nyongani, visiginoni na nyuma ya kichwa. Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu, nao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Muuguzi mzoefu huweka kiganja na kutafuta joto, ugumu, au rangi iliyokoza kuliko ya pembeni yake. Akiona hivyo humtoa mgonjwa upande ule mara moja, wala hasugui, kwa sababu kusugua huchana ngozi iliyokwisha kufa chini.

Mdomo husafishwa mara nyingi kwa mswaki laini au pamba yenye maji, na midomo hupakwa mafuta. Utando mweupe ulimini mara nyingi ni fangasi na una dawa. Kidonda cha saratani kinachonuka nacho kina dawa: vidonge vya metronidazoli husagwa unga laini na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, kikafunikwa. Bakteria wanaoleta harufu hufa, na watoto wanarudi kukaa karibu na mama yao. Hospisi inayofukiza manukato chumbani badala ya kutibu kidonda ipewe alama ndogo sana.

Kuhusu kuhema, mtungi wa oksijeni huleta faraja machoni pa ndugu, lakini mgonjwa ambaye oksijeni yake mwilini haijashuka hafaidiki nao sana. Feni ndogo inayopuliza usoni, kumkalisha akiegemea mbele, na mofini kwa dozi ndogo mara nyingi humsaidia zaidi. Dripu vilevile: siku za mwisho mwili hauwezi kuyatumia maji mengi, nayo huishia kwenye mapafu na miguu, mkoromo ukazidi. Timu nzuri haikatai tu, wala haitundiki dripu ili kuwanyamazisha ndugu. Huketi nao na kueleza.

Waliomo kwenye timu

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher’s Hospice jijini London mwaka 1967, alikuwa amesomea uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari. Alisisitiza kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yamo mwilini, moyoni, nyumbani na rohoni kwa pamoja. Hivyo ulizeni nani anashughulikia kila upande. Si lazima kila kazi iwe na mwajiriwa wake, lakini jina liwepo. Mtu ambaye mofini imepandishwa mara nyingi na bado analala macho wazi pengine anawaza ada ya watoto au deni ambalo mkewe halijui, na hapo anayehitajika ni ofisa wa ustawi wa jamii. Viongozi wa dini waitwe mgonjwa akitaka, wa dini yake. Hospisi inayomsukumia mtu aliye hoi imani ya wenye jengo imevuka mpaka.

Mambo ya fedha yamalizwe mapema kwa maandishi: kitanda, godoro, nepi za watu wazima, oksijeni na dawa, kipi kimo kwenye huduma na kipi hakimo. Asiwepo wa kuwalazimisha kusaini kwamba mgonjwa hatarudi hospitali. Mguu ukivunjika anastahili kutibiwa kama mtu mwingine, na uamuzi ni wake.

Baada ya kifo, ulizeni nani anathibitisha usiku, nani anaandika karatasi, na mofini iliyobaki inahesabiwa na kurudishwa kwa njia gani. Kuiacha kabatini ni hatari kwa watoto. Ulizeni pia kama kuna atakayewatafuta wafiwa wiki kadhaa baadaye, wageni wakishaondoka.

Huduma ikilegea, kuhama kunaruhusiwa. Elezeni kwanza tatizo kwa msimamizi kwa maandishi, mkiambatisha daftari la dozi, na mpeni saa 24 kama mgonjwa ana maumivu. Mambo madogo yanaweza kungoja zaidi. Yasipobadilika, daini barua yenye utambuzi wa ugonjwa, dawa zote kwa miligramu na saa zake, dozi ya mwisho ilitolewa lini, hali ya figo, mizio, vidonda na maamuzi ambayo mgonjwa ameshayatoa. Msirudishe sanduku la dharura mpaka timu mpya imefika na lake.