Kikanda cha Tunduma ni kitamu kweli, ila muulize muuzaji mizizi imetoka wapi

Wadau wa Mbeya na Songwe, ukishuka Tunduma kwa shughuli zako usigeuze bila kula kikanda, na mi nakushauri ukale kwa yule mama wa upande wetu karibu na boda, ana meza ya mbao na beseni jeupe limefunikwa kitambaa, hana bango wala nini ila ukimuuliza bodaboda yeyote anakufikisha. Kipande ni jero, cha kushiba buku, na kwacha anapokea.

Kwa ambao hawajawahi kula, hiki ndo kile Wabemba wa Zambia wanaita chikanda, kinapikwa kwa mizizi ya okidi za porini, zile zinazochanua kwenye nyasi za milimani huku kwetu kipindi cha mvua. Kizizi chenyewe ni kidogo tu, unaweza kushika kadhaa kwenye kiganja, kinaoshwa kinaanikwa kinatwangwa kinakuwa unga. Nyama haimo hata chembe lakini ukikikata unaona kabisa poloni, ile soseji nene ya kukata vipande, na Wazambia wenyewe wengine wanakiita poloni ya Kiafrika.

Sasa huyu mama anachowazidi wenzake ni magadi. Wengi wanayamwaga ili unga ushike haraka, matokeo yake unakula kitu kina uchungu na harufu ya sabuni. Yeye anaweka kidogo, anachemsha maji na chumvi na pilipili, anatia unga wa karanga alizotwanga mwenyewe, ukichemka vizuri ndo anaingiza unga wa kikanda huku anasonga bila kupumzika maana unashika ghafla na ukizubaa ni mabonge matupu. Halafu anafunika, makaa chini na mengine juu ya mfuniko, kinaiva taratibu mpaka juu kinakuwa na ganda la kahawia. Lile ganda aisee! Lina moshi kwa mbali, ndani ni laini kinavutika kidogo kwenye meno, karanga unaisikia kwanza, pilipili inakuja baadae. Mi nakila kimepoa, cha moto kinakatika vibaya na ladha bado haijakaa.

Kuhusu dawa, wateja pale mezani kila mtu ana lake, kuna wanaosema kinatuliza tumbo, kuna wanaompelekea mama aliyetoka kujifungua apate nguvu, na wanaume nao wana yao mnaijua. Waturuki wana kinywaji kinaitwa salep, unga wa mizizi ya okidi za kwao na maziwa ya moto na mdalasini, nao wanakisifia kwa tumbo na kifua wakati wa baridi, na ule unga wao una nyuzi lishe zinazovimba zikikutana na maji. Kwahiyo kwamba kinakaa tumboni na unashiba muda mrefu nakubali, mwenyewe nakiona. Ila mtu asikwambie uache dozi ya hospitali ukale kikanda, hapana jamani.

Sasa hili linaniuma na naomba mlisome. Mmea mmoja una vizizi viwili, cha zamani kimesinyaa kwa sababu kimeshalisha ua la mwaka huu, na kipya kigumu ambacho ni akiba ya mwakani. Wachimbaji wanachukua kile kigumu, basi ule mmea umeisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria mizizi kati ya milioni 2 na 4 inavuka kwenda Zambia kila mwaka kutoka nyanda zetu, kwasababu kule kwao ilishapungua sana. Kilio hicho ni moja ya sababu za Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412.9, aina kama 45 za okidi, hiyo ndo Bustani ya Mungu yenyewe. Kuchimba mule ni kosa, na okidi zote ziko kwenye CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwahiyo hata kuvusha mpaka kunataka kibali.

Nilimuuliza mama, "mama shikamoo, mizizi hii mnatoa wapi?" akasema analetewa na mawakala kwenye viroba, wanamwambia ni ya Ufipa kule Rukwa, zaidi ya hapo hajui. Hakukasirika wala hakunificha, alinifungulia kiroba nikaona. Lakini jibu la "naletewa" halinitoshi, na ndo maana nampa nyota nne badala ya tano, chakula chenyewe ni tano kabisa. Tukiwa wateja wengi tunauliza, hao mawakala nao wataanza kuulizwa. Na mi siku hizi nakula kipande kimoja basi, sibebi vya kupeleka Mbeya kama zamani.

Mkienda wahini kabla ya saa sita, mchana unakuta zimebaki kingo tu, na mwambieni awakatie cha katikati chenye ganda.